Umeumizwa hospitalini Dar: kesi umkabidhi wakili wa aina gani?

Pita Samora, Upanga, Kinondoni hadi Mbezi Mwisho ukisoma vibao vya ofisi za mawakili. Utakuta vya viapo, hati za viwanja, makampuni, mirathi na talaka. Kibao cha wakili wa kesi za uzembe wa madaktari sidhani kama utakiona. Kanuni za maadili zinawabana mawakili wasijitangaze kama maduka ya simu, na kesi zenyewe si nyingi kiasi cha mtu kuishi kwa hizo tu. Kwa hiyo akitokea wa kukuambia "mimi nafanya kesi za madaktari tu, hospitali zote zinaniogopa", mtilie shaka hapo hapo.

Nimekuwa karani kwenye ofisi za mawakili hapa mjini, yule anayempokea mteja, anampa kiti na kusikia habari yote kabla bosi hajarudi kutoka mahakamani. Karibu kila mtu huingia akiuliza wakili mzuri ni nani. Mimi ningeanza kwa kuuliza jambo langu linataka wakili wa aina gani, maana njia ziko nne: kampuni kubwa yenye mawakili wengi, wakili wa ofisi ndogo, kituo cha msaada wa kisheria, au kwenda mwenyewe Baraza la Madaktari bila wakili. Kila moja ina mtu wake. Ila kuna maswali mawili ya kujibu kwanza, na ukiyajibu vibaya hata wakili wa bei ya kutisha hatakuokoa.

Ni uzembe, au ni matokeo mabaya tu?

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na bora ukwame sasa kuliko baada ya kulipa. Mgonjwa kufa au kubaki na ulemavu hakutoshi kumtia daktari hatiani. Mdai anatakiwa aonyeshe kwamba daktari au hospitali ilikuwa na wajibu kwake, kwamba walifanya kazi chini ya kiwango, kwamba kosa hilo ndilo lililoleta madhara, na kwamba madhara yenyewe yapo. Kiwango kinapimwa kwa mtaalamu mwenye ujuzi wa kawaida wa fani ile. Kipimo hicho kimetoka kwenye kesi ya Uingereza ya Bolam ya mwaka 1957, na mawakili wetu wanaitaja mpaka leo kwa kuwa sheria yetu ya uzembe tumeirithi huko. Bingwa wa Muhimbili hapimwi sawa na tabibu wa zahanati ya Mbagala, na wote wawili hawatakiwi kuwa malaika.

Kati ya hayo manne, kiungo kinachokatika zaidi ni cha tatu: kwamba kosa ndilo lililoleta madhara. Mtoto alizaliwa amechoka, hakulia, leo ana miaka miwili na hawezi kukaa. Mama ana uhakika ni kwa sababu manesi walimwacha usiku kucha na uchungu. Hospitali itakuja kusema mtoto alikuwa na tatizo tangu tumboni. Bila ile chati ya uchungu inayoonyesha mapigo ya moyo wa mtoto yalipimwa saa ngapi na nani aliyapima, mnabaki kubishana kwa maneno, na mwenye mzigo wa kuthibitisha ni mama.

Zipo zinazojisema zenyewe. Watu wa Dar wanaukumbuka mkasa wa MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, mwaka 2007: wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja, wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Jambo la namna hiyo halihitaji bingwa wa kulifafanua. Kitambaa kilichosahaulika tumboni baada ya upasuaji kiko kundi hilo hilo. Nyingine karibu zote zinataka daktari wa kuja kueleza mahakamani, na madaktari wetu ni wagumu kusimama kizimbani dhidi ya mtu waliyesoma naye. Ugumu huu ndio utakaokutenganishia mawakili huko mbele.

Serikali au binafsi?

Kwa macho ya mgonjwa, Mwananyamala na hospitali ya binafsi ya Mikocheni zinatofautiana foleni na bei. Kwa macho ya sheria ni safari mbili.

| | Hospitali ya serikali | Hospitali binafsi |
|---|---|---|
| Kabla ya kufungua shauri | Notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali | Barua ya madai, muda anaupanga wakili wako |
| Anayeshtakiwa | Taasisi husika, na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe | Mmiliki wa hospitali, kwa kawaida pamoja na daktari |
| Mahakama | Mahakama Kuu | Inategemea kiasi cha madai |
| Anayetetea | Mawakili wa Serikali | Mawakili wa hospitali, wakati mwingine wa bima yake |

Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2020, utaratibu wa safu ya hospitali ya serikali unazihusu pia halmashauri, wakala na mashirika ya umma, si wizara peke yake. Kwa hiyo hata zahanati ya manispaa unaifuata kwa notisi ya siku 90. Ukimwacha Mwanasheria Mkuu nje, shauri zima linaharibika, hata kama ushahidi wako ni wa kulia machozi.

Kisha kuna ukomo wa muda. Madai ya uzembe yana miaka 3. Yanayosimama juu ya mkataba yana miaka 6, na wapo mawakili wanaojaribu kuitumia njia hiyo kwa hospitali binafsi, kwa hoja kwamba ulilipa ili uhudumiwe ipasavyo. Lakini sheria hiyo hiyo ya ukomo ina kipengele cha mwaka 1 tu kwa fidia inayotokana na jambo lililofanywa, au lililoachwa kufanywa, katika kutekeleza sheria iliyoandikwa. Wakili makini wa kesi dhidi ya serikali hasubiri kuona kama kipengele hicho kitaibuliwa dhidi yake. Anakimbizana na mwaka. Ukimweleza kwamba tukio lina miezi minane naye akakujibu "usijali, tuna miaka mitatu", umeshajua jambo kuhusu umakini wake.

Kwa hospitali binafsi mtego uko kwenye kiasi. Mahakama ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi, kama Kisutu, zinasikiliza madai ya aina hii hadi shilingi milioni 200. Mteja anataka milioni 500 na wakili anayependa kumfurahisha anaziandika, anakwenda Mahakama Kuu. Kumbe gharama zinazohesabika, yaani matibabu, dawa, nauli na kipato kilichopotea, ni milioni 6, na zote zilizobaki ni fidia ya jumla ya maumivu. Fidia ya jumla haihesabiwi katika kupanga mahakama, kwa sababu kiasi chake anakipanga hakimu mwenyewe. Upande wa pili unaleta pingamizi la awali, shauri linaondolewa kabla hata shahidi mmoja hajasema jina lake, na miezi imeshakwenda. Ukitaka kumpima wakili kwa swali moja la kiufundi, muulize hivi: tutafungua mahakama gani, na kwa nini hiyo?

Hospitali za taasisi za dini zinachanganya, maana nyingine zina watumishi walioajiriwa na serikali. Hapo wakili aanze kwa kutafuta mwajiri wa daktari ni nani.

Kampuni kubwa na ofisi ndogo

Kampuni kubwa ziko kwenye maghorofa ya Posta, Upanga na Masaki. Faida yake ni watu. Wakili akiugua mwingine anaingia, nyaraka zimepangwa kwenye majalada yenye rangi, na barua yao ikifika kwa mkurugenzi wa hospitali haikai kwenye trei. Wana uwezo wa kumtafuta bingwa nje ya nchi asome faili na kutoa maoni. Gharama ya bingwa huyo itarudi kwako kwenye ankara, na ankara za maghorofani zina tabia ya kuhesabu hata simu. Tatizo la pili ni ukubwa wa jambo lako machoni pao. Kesi ya mtu mmoja yenye madai ya milioni 40, kwenye kampuni inayohudumia mabenki na migodi, itaangukia kwa wakili aliyeapishwa juzi. Yule mwenye mvi uliyemwona siku ya kwanza hutamwona tena. Si lazima iwe hasara, kwa sababu vijana wengine wana njaa ya kazi na wanasoma hadi usiku. Ila uliza kwa jina ni nani atakayesimama mahakamani, na uombe kumwona siku hiyo hiyo.

Jingine la kampuni kubwa ni mgongano wa maslahi. Hospitali kubwa za binafsi na kampuni za bima zina mawakili wao wa kudumu, na wengi ni hao hao wa maghorofani. Taja jina la hospitali mlangoni, kabla hujasimulia chochote, na uulize kama wanaifanyia kazi hospitali hiyo, wamiliki wake au bima yake. Ofisi yenye heshima itakujibu bila kununa. Nimeona mteja akikaa saa nzima akieleza kila alichonacho, ndipo akaambiwa "samahani, hao ni wateja wetu". Alichokwisha kusema kimeshasikika.

Ofisi ndogo ndiyo njia ambayo watu wengi wa Dar wataishia, na mimi binafsi siioni kama daraja la pili. Wakili wa Magomeni au Sinza anapokea simu yako mwenyewe, anaandika hati ya madai mwenyewe, anasimama mwenyewe. Ada inaongeleka, na ukimwambia utalipa mwisho wa mwezi anaelewa mwisho wa mwezi ni nini. Ubaya wake ni mmoja na ni mkubwa: ana miguu miwili. Asubuhi moja anatakiwa Kisutu, Kinondoni na Temeke, na foleni ya Mandela haijui ratiba ya hakimu. Kesi inapigwa kalenda, mara nyingine kwa sababu yake, na wewe umepoteza siku ya kazi na nauli. Muulize ana nani wa kumshikia kesi akikosekana. Wakili mdogo mwenye mwenzake wanayeshikiana mikono ni afadhali mara nyingi kuliko yule wa peke yake kabisa.

Uzoefu je? Kwa kuwa mabingwa wa jambo hili ni wachache, tafuta walio jirani nalo. Wakili aliyezoea kesi za ajali za barabarani, madai ya bima na fidia za wafanyakazi walioumia kazini ameshawahi kumhoji daktari kizimbani, anajua kusoma ripoti ya ulemavu, anajua hesabu za kipato kilichopotea. Huyo ninampa nafasi kubwa kuliko wakili maarufu wa viwanja, awe na jina kiasi gani. Na lile la bingwa wa kutoa ushahidi linarudi hapa. Muulize: faili langu utampa daktari gani alisome kabla hatujafungua? Si lazima akutajie jina. Lakini kama hana njia yoyote, hata ya kumtumia bingwa mstaafu au wa mkoa mwingine asiyefungwa na urafiki, basi kwa kesi isiyojisema yenyewe hana kesi, awe wa ghorofani au wa uchochoroni.

Msaada wa kisheria

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawahusu wasio na uwezo wa kulipa, na Dar ndiko vituo vilikojaa: Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania yaani TAWLA, Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake, na kamati ya msaada wa kisheria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Utahojiwa kuhusu kipato chako na hiyo ni haki yao.

Ubora wao ni barua, ushauri, kuandika nyaraka na kukaa mezani kusuluhisha. Kwa kesi nzima ya miaka kadhaa yenye bingwa wa kulipwa, usiwabebeshe matarajio wasiyoweza. Mzigo wa ndoa, matunzo ya watoto na ardhi unawalemea tayari. Pia tofautisha wakili wa kituo na msaidizi wa kisheria wa kata. Huyu wa pili anakuelekeza vizuri, lakini hasimami mahakamani kwa niaba yako.

Ninachokipenda ni kuwatumia kama mlango. Unakwenda na makaratasi, mtu asiye na hamu ya hela yako anakuambia kama kuna kitu au hakuna. Ushauri wa namna hiyo hata mwenye hela anauhitaji.

Baraza, bila wakili

Kuna watu wanaokuja ofisini wakiwa hawataki fidia. Wanataka yule daktari asimguse mgonjwa mwingine, au wanataka tu mtu awaeleze kilichotokea chumba cha upasuaji. Hao nawaelekeza Baraza la Madaktari Tanganyika, lililo chini ya sheria ya mwaka 2017 ya wataalamu wa tiba. Unaandika malalamiko kwa Msajili, unaambatisha ulichonacho. Baraza linaweza kuonya, kusimamisha au kufuta jina kwenye daftari. Shilingi ya fidia halitoi. Kama aliyekosea ni nesi au mkunga, mlango wake ni Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania.

Njia hii na ya mahakama hazizuiani. Tatizo ni kwamba mtu anasubiri Baraza limalize ndipo atafute wakili, na muda wa ukomo hausubiri Baraza. Polisi nako watu hukimbilia, na ni kweli Kanuni ya Adhabu inamgusa anayetibu kwa uzembe wa kuhatarisha maisha, lakini jinai inataka uthibitisho mzito zaidi na si wewe unayeiendesha.

Kishoka, mwanasheria, wakili

Nje ya mahakama zetu kuna watu wenye suti, mkoba na kauli tamu ambao hawajawahi kuapishwa. Hawa ndio vishoka. Wapo pia wenye shahada halali ya sheria ambao bado si mawakili, nao hawaruhusiwi kukuwakilisha. Wakili ni yule aliyeandikishwa kwenye daftari la mawakili na ambaye ameihuisha leseni yake ya mwaka huu. Mahakama ina mfumo wa mtandaoni unaoitwa e-Wakili: ingiza jina, utaona kama yupo na kama anaruhusiwa kufanya kazi. Dakika mbili kwenye simu. Fanya hivyo hata kwa wakili uliyeletewa na shemeji.

Kisha fungua TanzLII, tovuti inayoweka hukumu za mahakama zetu bure. Hukumu hutaja mawakili waliosimama kila upande. Andika jina la wakili wako uone kesi zake, na usihesabu alizoshinda tu. Soma alizoshindwa zilishindwaje. Aliyeshindwa kwa sababu hakimu aliamini shahidi wa upande wa pili ni wakili wa kawaida. Aliyeondolewa mara tatu kwa kukosea mahakama au kuchelewa muda, mwache aendelee na wengine. Ukiandika maneno ya uzembe wa kitabibu kwa Kiingereza, kwa kuwa hukumu nyingi bado ziko kwa lugha hiyo, utapata pia majina ambayo hakuna aliyekutajia.

Siku ya kwanza ofisini

Nilimpokea mama mmoja wa Tandika, ana mfuko wa plastiki mweusi mapajani. Alikuwa ameshapita ofisi nyingine, na huko kabla hajamaliza kueleza aliambiwa, "Hii ni milioni mia tano hii, mama. Tangulize milioni mbili tuanze." Bosi wangu alimwamkia, akaitikiwa marahaba, akasema, "Mama, ya hela tutaongea mwisho. Nitolee kwanza kila karatasi waliyokupa."

Vikamwagwa mezani: kadi ya kliniki, vyeti vya dawa, picha ya eksirei iliyokunjwa, risiti ambazo maandishi yake yameshafifia, fomu ya kuruhusiwa. Akavipanga kwa tarehe kama mtu anayepanga karata. Halafu akaweka kidole kwenye nafasi tupu.

"Jumanne usiku mpaka Alhamisi asubuhi hakuna kitu hapa. Zamu ilikuwa ya nani?"

"Sijui, mwanangu. Nilikuwa naita, hakuna anayekuja."

"Basi barua yetu ya kwanza itaomba faili la siku hizo mbili."

Hakumtajia kiasi chochote cha fidia siku ile. Tofauti ya ofisi zile mbili ndiyo ninayokutaka uitazame utakapokuwa kwenye kiti cha mteja: nani ametaka makaratasi kabla ya hela, na nani ameona pengo ambalo wewe hukuliona. Faili la mgonjwa linabaki hospitalini, lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kuzifikia taarifa zake, na wakili anayejua kazi ataiomba kwa maandishi mapema, kabla mambo hayajawa ya kesi. Risiti zako nazo zitoe kopi leo. Karatasi za mashine za EFD zinafutika zenyewe kwa joto letu, na gharama mahususi zinatakiwa kuthibitishwa moja baada ya nyingine. Risiti nyeupe haithibitishi kitu.

Ada

Kuna Amri ya Ada za Mawakili ya mwaka 2015 inayoweka viwango vya kuanzia mazungumzo, lakini kiutendaji utakutana na namna tatu. Ya kwanza ni ada moja ya kesi nzima, nzuri kwa kupanga bajeti, mbaya kama wakili ameshaila yote mwaka wa kwanza na hamu imekwisha. Ya pili ni ya hatua kwa hatua: barua ya madai kiasi fulani, kufungua shauri kiasi fulani, usuluhishi, usikilizwaji, hukumu. Hii ndiyo ninayoishauri kwa kesi za hospitali, kwa sababu nyingi zinaweza kuishia kwenye barua au kwenye usuluhishi ambao mahakama yenyewe inaupitisha kabla ya kusikiliza, na hupaswi kulipia safari ambayo hukuifikia. Ya tatu ni ile ya "tukishinda tugawane". Inavutia asiye na kitu. Usiiingie kwa mdomo, na usikubali nusu kwa nusu ya fidia ya mtoto atakayehitaji matunzo maisha yake yote. Afadhali upeleke maneno hayo kituo cha msaada wa kisheria wakusomee kwanza.

Vyovyote iwavyo, mkataba wa uwakili uwe wa maandishi na useme ada ni nini na gharama ni nini. Ada ni ya wakili. Gharama ni za mahakama, nakala, usafiri, na bingwa wa kusoma faili, ambaye ndiye kipengele kinachoshtua watu. Kila malipo dai risiti ya EFD. Uliza pia jambo ambalo mawakili hawalitaji mpaka uulize: ukishindwa, mahakama kwa kawaida inaweza kukuamuru ulipe gharama za upande wa pili.

Wakati mwingine hospitali inakuita yenyewe, inakupa soda na bahasha, na karatasi ya kusaini kwamba huna madai mengine. Pengine kiasi ni cha haki. Mpelekee wakili karatasi hiyo hata kama ni kwa ada ya ushauri wa saa moja tu, kabla kalamu haijagusa.

Ningechagua hivi

Hospitali binafsi, makaratasi yapo, madhara yanahesabika kwa milioni chache au makumi: wakili wa ofisi ndogo aliyezoea ajali na bima, kwa malipo ya hatua. Mtoto aliyeumia ubongo wakati wa kuzaliwa, hospitali ya serikali, matunzo ya miaka mingi: kampuni ya kati au kubwa isiyo na uhusiano na upande wa pili, au wakili mdogo aliye tayari kumshirikisha mwenzake, maana Mahakama Kuu dhidi ya Mawakili wa Serikali si kazi ya mtu mwenye kesi tatu kila asubuhi. Huna makaratasi na huna hela: anza kituo cha msaada, wakusaidie kuomba faili. Unataka ukweli na nidhamu tu: Baraza, lakini pata ushauri wa ukomo wiki hiyo hiyo.

Mgonjwa akiwa amefariki kuna mlango wa ziada. Anayefungua kwa niaba ya marehemu na wategemezi kwa kawaida ni msimamizi wa mirathi, hivyo familia ikae kikao, imteue mtu, na kwa Dar shauri hilo la mirathi huelekezwa Kituo Jumuishi cha masuala ya familia pale Temeke. Na sisi tunazika haraka. Familia yenye shaka iombe uchunguzi wa maiti kabla ya kuchukua mwili, wenye maandishi, hata kama mjomba anasema tusimsumbue marehemu. Baada ya udongo, wakili wa aina yoyote atakuwa anafanya kazi na kumbukumbu za hospitali ile ile unayoilalamikia.

Ukishamchagua na mambo yakaenda kombo, kubadilisha kunaruhusiwa. Unaandika barua ya kusitisha uwakili, mnahesabiana ada ya kazi iliyofanyika, unachukua jalada lako, na wakili mpya anaijulisha mahakama kwamba yeye ndiye anayeendelea. Kabla ya barua, muulize karani tarehe ya kesi inayofuata na uiandike. Aliyekula hela bila kufungua kitu, au uliyesikia ameuza kesi na una ushahidi, analalamikiwa Kamati ya Mawakili, na Chama cha Wanasheria Tanganyika nacho kinapokea malalamiko dhidi ya wanachama wake. Nenda na mkataba na risiti. Bila hivyo viwili utaulizwa kama kweli huyo alikuwa wakili wako.